Karatasi ya Vibonye, Ufunguo wa Michezo ya Zamani

Wazee walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ni shauri jema. Lakini kuna nyumba ambazo mgeni anasimama mbele yake, anaona taa zinawaka, anasikia ngoma inalia ndani, na hata hivyo hawezi kuingia, kwa maana hakuna aliyemwambia ufunguo uko wapi. Hivyo ndivyo ilivyo leo kwa michezo mingi ya kompyuta iliyotungwa katika miaka ya 1980.

Michezo yenyewe haikupotea. Watu wenye bidii wameikusanya na kuihifadhi, na mwenye intaneti anaweza kuipata kwa dakika chache. Anaifungua, anatazama picha, anasikia mlio wake. Kisha anaweka vidole juu ya vibonye, na hapo safari yake inakwisha. Kibonye gani ni cha kutembea? Kipi cha kufungua mlango, kipi cha kununua, kipi cha kusema na watu? Anabonyeza hiki, anabonyeza kile. Baada ya dakika tano anafunga yote na kusema: Mchezo huu ni mbaya.

Je, amehukumu kwa haki? Sisi tunasema hapana. Mchezo wenyewe hakuuona bado. Aliuona mlango tu. Basi katika kurasa hizi tunataka kupima jambo ambalo wengi wanaliona dogo: karatasi ya vibonye, yaani ile orodha inayomwambia mchezaji kila kibonye kinafanya kazi gani. Tutaangalia namna watungaji wa zamani walivyoitengeneza, namna watunzaji wa leo wanavyoitendea, na mwisho tutasema karatasi njema ni ya namna gani.

NUSU YA MCHEZO ILIKUWA SANDUKUNI

Kwanza tufahamu asili ya shida hii. Mchezo wa siku hizi humfundisha mchezaji wenyewe, hatua kwa hatua. Maneno yanatokea juu ya kioo na kusema: bonyeza hapa, sasa bonyeza pale. Zamani haikuwa rahisi hivyo. Kompyuta ya BBC Micro, ile namna B iliyotumiwa sana katika shule za Uingereza, ilikuwa na kilobaiti 32 tu za kumbukumbu. Picha moja ya simu ya leo inataka nafasi kubwa kupita hiyo mara nyingi. Mtungaji aliyehesabu kila baiti hakuwa na mahali pa kuweka mafundisho marefu. Basi mafundisho aliyaandika juu ya karatasi, na karatasi ikatiwa ndani ya sanduku pamoja na kaseti au diski.

Kwa hiyo tusidhani ya kuwa karatasi ile ilikuwa pambo. Ilikuwa kiungo cha mchezo, kama usukani ulivyo kiungo cha gari. Baadaye watu walipoanza kunakili michezo, walinakili diski, kwa maana ndiyo iliyonakilika upesi. Karatasi ilibaki nyuma, ikachanika, ikatupwa. Gari limetufikia bila usukani.

Sasa tuchukue mifano minne, tuipime mmoja mmoja.

1. HERUFI 26 ZA ULTIMA IV

Mchezo wa Ultima IV ulitungwa na Richard Garriott, ukatolewa na kampuni ya Origin Systems mwaka 1985. Ndani yake kila herufi, tangu A mpaka Z, ina kazi yake. T ni ya neno Talk, yaani kusema na mtu. O ni ya Open, kufungua. S ni ya Search, kutafuta. C ni ya Cast, kutumia uchawi. Lakini kupanda ngazi kwa Kiingereza huanza na C vilevile, nayo C imekwisha kushikwa. Garriott akafanya nini? Akaandika Klimb, kwa K. Kuona hali ya watu wako kungetaka S, nayo imekwisha kushikwa. Akaandika Ztats, kwa Z. Kushuka farasi au kutoka merikebuni kukawa X-it, kwa X.

Tunausifu werevu huu. Makosa ya maandishi yamefanywa makusudi, nayo yanashika kichwani kama mzaha mzuri. Mwingereza au Mmarekani akiisoma karatasi ile mara moja, haisahau.

Lakini ina upungufu wa namna mbili. Wa kwanza: mzaha huo unamsaidia tu anayejua Kiingereza. Msomaji wa Lubumbashi, wa Bukavu au wa Kigoma hapati msaada wowote katika Klimb na Ztats. Kwake herufi hizo ni alama tupu. Wa pili ni mzito zaidi: hakuna herufi isiyo na kazi, basi kubahatisha kuna hatari. Mchezo huu haudai kumwua mfalme mbaya. Unadai mchezaji akamilishe fadhila 8, na kati yake ziko ukweli, huruma, haki na unyenyekevu. Mashini inahesabu matendo yake kimyakimya. Akimshambulia raia mwema, fadhila zake zinapungua. Akichukua mali iliyo katika masanduku ya watu wa mjini, vilevile. Sasa tazama: kushambulia ni A, kuchukua ni G. Mgeni asiye na karatasi anaingia mjini, anajaribu herufi moja baada ya nyingine ili ajue zinafanya nini, na kabla hajajifunza kusalimu watu amekwisha kuwa mwizi na mgomvi. Mchezo unamhukumu kwa tendo ambalo hakulikusudia. Je, ni kosa la mchezo? Hapana. Aliyeutoa sandukuni bila karatasi yake ndiye aliyemponza.

2. KITUO CHA LAVE

Mfano wa pili ni Elite, kazi ya Waingereza wawili, David Braben na Ian Bell, uliotolewa na Acornsoft mwaka 1984. Mchezaji ni mfanyabiashara wa angani. Anaanza katika kituo cha Lave na fedha 100, na mbele yake kuna galaksi 8, kila moja yenye nyota 256. Katika sanduku mlikuwamo kitabu cha kufundisha urubani, kisa kilichoandikwa na Robert Holdstock, na karatasi ya vibonye.

Mashini yenyewe ilisaidia. Juu ya vibonye vyekundu vya BBC Micro, tangu f0 mpaka f9, palikuwa na kipande cha plastiki kinachoonyesha kilicho chini yake. Mtu aliweza kuingiza hapo ukanda wa karatasi, na kila kibonye kikawa na jina la kazi yake sentimita chache tu kutoka kwenye kidole. Kwa mchezo kama Elite, unaotumia vibonye vyote 10 vyekundu kwa ramani, bei na mizigo, hatujaona njia bora kupita hiyo. Macho hayatoki mbali, mkono haufungui kitabu, wala mchezo hausimami.

Lakini leo Elite huchezwa juu ya kompyuta nyingine, kwa msaada wa programu inayoigiza mashini ya zamani. Hapo mambo mawili yanaharibika. La kwanza: vibonye vya leo huanza F1 na kuishia F12. F0 hakuna. Nayo f0 ndiyo ya kuondoka kituoni! Programu imeweka kibonye kingine badala yake, lakini kama hakuna aliyemwambia mchezaji ni kipi, mfanyabiashara wetu amefungiwa Lave na fedha zake 100, wala hajui kosa lake ni nini.

La pili linahusu Escape. Mtu wa leo amezoea ya kuwa Escape humtoa mahali na kumrudisha nyuma salama. Katika Elite, mwenye kununua chombo cha kujiokolea akibonyeza Escape akiwa safarini, anaruka nje na kuiacha merikebu yake pamoja na mizigo yote. Amefuata mazoea mema ya leo, na faida ya safari nzima imepotea. Karatasi inayoacha onyo hili si karatasi kamili, hata ikitaja vibonye vingine vyote.

3. KIFUNIKO CHA F-19

Kampuni ya MicroProse ya Marekani ilifuata njia nyingine. Mwaka 1988 ilitoa F-19 Stealth Fighter, mchezo wa kurusha ndege ya vita, nao ulikuwa na vibonye vingi mno: magurudumu, mabawa, makombora, kamera, ramani, mitego ya kudanganya adui. Basi ndani ya sanduku ukawekwa ukurasa wa kufunika vibonye, wenye majina ya kazi kando ya kila kimoja. Mchezaji aliulaza juu ya vibonye vyake, na mara moja meza yake ikafanana na chumba cha rubani.

Ni kazi nzuri, na wanaoukumbuka mchezo huo hukumbuka pia kifuniko chake. Lakini ni chombo kilichoshonwa kwa kipimo cha mwili mmoja. Kompyuta za kwanza za IBM zilikuwa na vibonye vya F upande wa kushoto, safu mbili. Tangu mwaka 1986 IBM ilivipeleka juu na kuvifanya 12. Kompyuta ya kubebwa ya leo ina umbo jingine tena. Kifuniko cha zamani hakikai juu yake, sawasawa na kanzu ya kaka isivyomkaa mdogo. Hapa tunajifunza neno moja la maana: haitoshi kuhifadhi picha ya kifuniko. Lazima kuyatoa maarifa yaliyomo na kuyashonea mwili mpya.

4. NETHACK: KUULIZA SI UJINGA

Mfano wa nne haukuwa na sanduku. NetHack ulianza kutolewa mwaka 1987, ukapitishwa bure kutoka mashini hadi mashini, na mpaka leo unachezwa. Unatokana na ukoo wa Rogue, mchezo wa karibu mwaka 1980. Kutembea humo ni kwa h, j, k, na l, jambo linalowashangaza wageni wote. Sababu yake ni ya historia: kifaa kilichoitwa ADM-3A kilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya herufi hizo nne, Bill Joy akazitumia katika programu yake ya kuandikia iitwayo vi, na watungaji wa michezo wakamfuata.

Kwa kuwa hakukuwa na sanduku, watungaji waliiweka karatasi ndani ya mchezo. Bonyeza alama ya kuuliza, orodha ya kazi zote inafunguka. Bonyeza alama ya &, kisha kibonye chochote, nawe utaambiwa kibonye hicho kinafanya nini, pasipo kukifanya. Bonyeza mkwaju, utaambiwa alama unayoiona juu ya kioo ni kitu gani. Huu ndio ustaarabu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na NetHack unamwezesha mgeni kuuliza bila kuadhibiwa, jambo ambalo Ultima IV haukumpa. Ni huruma kubwa katika mchezo ambamo shujaa akifa, amekufa kabisa.

Upungufu wake ni kwamba orodha inaufunika mchezo. Msomaji anasoma, anafunga, na papo hapo amesahau. Tena herufi kubwa na herufi ndogo zina kazi mbalimbali: w ni kushika silaha, W ni kuvaa, t ni kutupa, T ni kuvua. Kwa hiyo hata wachezaji wa NetHack huweka karatasi mezani.

WATUNZAJI WA LEO

Sasa tuwageukie wanaohifadhi. Internet Archive, maktaba kubwa ya Marekani, mwezi wa Januari 2015 ilifungua michezo ya MS-DOS ipatayo 2,400, ichezwe papo hapo bila kuweka programu yoyote. Ni tendo kubwa, na hatuna neno ila shukrani. Lakini mara nyingi ukurasa wa mchezo unaonyesha jina, mwaka na mchezo wenyewe, na juu ya vibonye umekaa kimya. Mgeni hutafuta msaada katika maoni ya wachezaji waliomtangulia, ambamo mtu mwema mmoja ameandika mistari minne. Duka la GOG, linalouza michezo ya zamani tangu mwaka 2008, huambatanisha mara nyingi kitabu cha mchezo kama faili. Hii ni bora zaidi. Lakini kitabu cha kurasa 100 si karatasi ya vibonye. Rubani anayefukuzwa na adui hawezi kupekua kurasa 100.

Tena kuna jambo ambalo vitabu vya zamani haviwezi kulisema: leo kuna mabwana wawili juu ya vibonye. Wa kwanza ni mchezo. Wa pili ni programu inayouigiza ulimwengu wake. DOSBox, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, inajiwekea vibonye vyake. Ctrl na F10 humwachilia panya aliyefungiwa ndani ya mchezo. Ctrl na F9 huua programu nzima mara moja, bila kuuliza. Kitabu cha mwaka 1988 hakikujua mambo haya. Na mchezo ukichezwa ndani ya kurasa za intaneti, bwana wa tatu anaingia: Ctrl na W, ambavyo mchezo huenda unavihitaji, vinaweza kuufunga ukurasa wenyewe.

Tuongeze shida inayotuhusu sisi wa Kongo, na majirani zetu waliosoma kwa Kifaransa. Mashini zetu nyingi zina mpango wa vibonye wa Kibelgiji au wa Kifaransa, unaoanza A, Z, E, R, T, Y. Michezo hii ilitungwa kwa mpango wa Q, W, E, R, T, Y. Michezo mingi ya Spectrum, kompyuta ya Kiingereza ya mwaka 1982, ilitumia Q kupanda na A kushuka, kwa sababu kwao Q iko juu ya A. Kwetu A iko juu ya Q. Basi herufi zikibaki zilezile, anayetaka kupanda anapeleka kidole chini, na anayetaka kushuka anakipeleka juu. Karatasi inayotaja herufi tu haimtoshi. Inafaa imwonyeshe mahali pa kidole.

KARATASI NJEMA NI IPI?

Baada ya kupima haya yote, tunaona sheria tano.

Kwanza, iwe karibu na macho. Ukurasa mmoja, juu ya meza au kando ya mchezo, usiodai kufunga kitu ili usomwe.

Pili, ipangwe kwa kazi, si kwa herufi. Mchezaji haulizi: K inafanya nini? Anauliza: Nitapandaje ngazi? Kwa wasomaji wa Kiswahili sheria hii ni kubwa kupita zote, kwa maana mizaha ya Kiingereza haitusaidii kukumbuka.

Tatu, iseme kweli juu ya mashini ile inayotumiwa. Vibonye vya mchezo, vibonye vya programu, na vilivyowekwa badala ya vile visivyokuwapo tena.

Nne, hatari zitengwe peke yake, kwa herufi nzito.

Tano, iandikwe kwa maneno, si picha tupu. Picha ya karatasi ya zamani ni kumbukumbu njema, nayo itunzwe. Lakini mwenye macho hafifu hawezi kuikuza vizuri, na programu inayomsomea kipofu kwa sauti mara nyingi hukwama mbele ya picha. Maandishi hukuzwa, hutafutwa, hutafsiriwa, huchapwa.

Wapenzi wa michezo ya maneno, ukoo wa Zork, wametuonyesha ya kuwa kazi hii inawezekana. Andrew Plotkin na Lea Albaugh walitengeneza kadi moja tu inayomweleza mgeni namna ya kuamuru: kwenda, kuchukua, kuchunguza, kutazama mizigo yake. Kadi hiyo inafaa michezo mingi kwa mara moja, na mtu anaweza kuichapa na kuigawa.

Tuonyeshe namna karatasi ya Kiswahili ya Elite ingeweza kuanza, kwa vibonye vya BBC Micro:

Kituoni: f7 kuona bei, f1 kununua mizigo, f2 kuuza, f3 kununua vyombo vya merikebu, f0 kuondoka.

Kuruka: X kuinua pua, S kuishusha, mkato kujiviringisha kushoto, nukta kulia, kibonye kirefu kuongeza mwendo, mkwaju kupunguza.

Safari: f4 ramani kubwa, f5 ramani ya karibu, H kwenda nyota nyingine, J kukaribia sayari upesi.

Vita: A kupiga, T kulenga kombora, M kulituma.

HATARI: Escape huiacha merikebu na mizigo yote.

Mistari mitano tu! Ukiongeza mmoja wa kusema f0 imewekwa wapi katika programu yako, mfungwa wa Lave ametoka. Mistari hiyo haikudai elimu kubwa wala fedha. Ilidai mtu mmoja aliyeucheza mchezo kwa uangalifu, akamkumbuka atakayekuja nyuma yake.

Hapo ndipo tunapolaumu, na lawama yetu si kwa watungaji wa zamani. Wao walijua ya kuwa mchezo bila karatasi haujakamilika, wakaitengeneza kwa werevu mwingi: herufi zenye mzaha, ukanda wa plastiki, kifuniko, alama ya kuuliza. Sisi warithi ndio tuliotunza diski na kudhani tumetunza mchezo. Maktaba inayojisifu kwa maelfu ya michezo isiyoweza kuchezwa na mgeni ni ghala iliyofungwa: mahindi yamo, na watu wana njaa nje.

Basi, wasomaji, kama mmoja wenu anaujua mchezo wa zamani vizuri, asingoje mwingine. Achukue ukurasa mmoja, aandike kazi upande huu na kibonye upande ule, ampe mtu asiyeujua mchezo kabisa, akae kimya amtazame akijaribu. Pale mgeni atakapokwama, ndipo mstari unapokosekana. Auandike.